Samaki wa Mwituni

Dada mmoja niliyefahamiana naye kwa kazi hii ya maneno aliniandikia kutoka Moncton, mji wa jimbo la New Brunswick huko Kanada. Ni mzaliwa wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na siku hizi riziki yake ni ukalimani: leo hospitalini, kesho mahakamani, keshokutwa shuleni, popote alipo Mswahili mgeni na mwenyeji asiyemsikia. Safari hii ilikuwa shule. Mwalimu wa somo la uraia aliwageuza wanafunzi wake kuwa kamati ya bunge, akawapa kazi ya kupanga uchunguzi kuhusu samoni wanaozidi kuadimika katika mito ya jimbo lao. Kati ya wanafunzi hao yumo kijana aliyefika juzijuzi kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambaye hupitia kwanza kwenye Kiswahili kabla hajafika kwenye Kiingereza. Dada alitaka maneno ya kumvusha. "Mwalimu, ni sentensi moja tu," aliandika. "Kikao chao ni Alhamisi."

Sentensi yenyewe ilikuwa ile hoja ambayo mjumbe huisoma ili wenzake waipitishe: kwamba kamati ifanye uchunguzi kuhusu kupungua kwa akiba ya samoni mwitu. Hiyo ni tafsiri yangu ya kwanza, ya kukurupuka. Karibu kila neno lake nililifuta na kulirudisha mara mbili tatu kabla ya Alhamisi.

Samoni hakunisumbua. Jina tumelikopa kwa Kiingereza, nacho kilipitia Kifaransa hadi Kilatini, ambako wengi hulihusisha na kitenzi cha kuruka, kwa jinsi samaki huyu anavyojirusha kupanda maporomoko. Wami'kmaq, wenyeji wa pwani ile ya Atlantiki, walikuwa wakimwita plamu kabla meli yoyote ya Ulaya haijatia nanga. Upande wa pili wa nchi, kwenye Pasifiki, wapo samoni wa jamaa nyingine, na mashuhuri kati yao ni sokai. Jina hilo linatokana na lugha ya Halkomelem ya bonde la chini la mto Fraser, na maana yake ni samaki mwekundu. Waingereza waliposikia silabi ya mwisho walidhani ni neno lao la jicho, wakaliandika hivyo hivyo, na tangu siku hiyo samaki yule ana jicho kwenye jina lake lisiloona chochote. Tusiwacheke. Sisi tulisoma kibao kinachomwamuru dereva akae kushoto, tukapata kipilefti, na wingi wake vipilefti.

Neno la pili ndilo lililoninyima usingizi. Kiswahili kinajua kumtenga mnyama wa nyumbani na ndugu yake wa huko nje: nguruwe na nguruwe mwitu, mbwa na mbwa mwitu, paka na paka mwitu. Lakini mwitu ni msitu. Ni miti. Mwambie mvuvi wa Kigoma au wa Kilwa kwamba unatafuta samaki mwitu, atakuuliza amefikaje huko. Pori nalo halina maji. Kwa mvuvi wetu samaki ni samaki tu. Anayehitaji maelezo ya ziada ni yule wa bwawani, samaki wa kufugwa. Kwa samoni wa Atlantiki mambo yamegeuka: anayeuzwa madukani kwa kawaida ni wa kufugwa, basi yule wa mtoni ndiye anayelazimika kubeba kivumishi, kama mtu anayeombwa kitambulisho mlangoni pa nyumba yake.

Nikajaribu kienyeji. Sokoni hakuna anayekosea: kuku wa kienyeji ni huyu, kuku wa kisasa ni yule, na bei inajieleza. Samoni wa kienyeji! Nilifurahi kwa muda wa chai moja. Tena neno hilo limebeba wenyeji ndani yake, na samoni kweli ana kwao: huzaliwa kwenye kokoto za kijito fulani, huenda baharini miaka, kisha hurudi kutaga kwenye mto uleule, akiongozwa kwa sehemu kubwa na harufu ya maji yake. Halafu nikamkumbuka kuku mwenyewe. Kuku wa kienyeji hulala bandani, ana mwenye naye, na Jumapili huchinjwa. Ukienyeji wake ni wa ufugaji wa mababu, lakini bado ni ufugaji. Nikakata.

Ilibidi nitazame Wakanada wenyewe wanamaanisha nini. Sera yao ya samoni wa Pasifiki ya mwaka 2005 inatoa jibu ambalo mtu wa pwani atalielewa haraka, kwa kuwa ni jibu la nasaba. Samoni huhesabiwa kuwa huru wa huko nje endapo ameishi maisha yake yote nje ya mikono ya watu, na wazazi wake nao walizaliwa kwa kutagwa mtoni na kuishi huko bila kukatiza. Sasa chukua samaki aliyetotoleshwa kituoni, kama vituo vyetu vinavyotoa vifaranga vya sato kwa wafugaji. Akiachiwa mtoni, akaenda baharini, akarudi akataga, mtoto wake bado hajakubaliwa, kwa sababu mzazi alitoka kituoni. Mjukuu ndiye anayepita. Nani mwenyeji na nani wa kuja, na baada ya vizazi vingapi wa kuja huacha kuitwa hivyo: ugomvi huu tunaujua vizuri, ila hatukuwahi kuupeleka chini ya maji.

Ndipo miti ikanirudia. Katika misitu ya British Columbia, dubu huwavua samoni waliopanda vijitoni, huwaburuta hadi chini ya miti, hula sehemu wanayoipenda na kuuacha mzoga. Mtafiti Tom Reimchen wa Chuo Kikuu cha Victoria na wenzake wameipima naitrojeni iliyotoka baharini ndani ya miti ya kando ya mito hiyo. Bahari imeingia kwenye mbao. Kwa hiyo nilipomwandikia dada "samoni wa mwituni" sikuona haya tena, ingawa mvuvi wa Kilwa atacheka, na ana haki yake.

Dada akajibu kwa swali la kijana. Kwenye mto Saint John wa jimbo lao kuna bwawa la umeme la Mactaquac, linalofanya kazi tangu 1968. Samoni hawezi kulipanda. Hukusanywa chini ya ukuta, hupakiwa kwenye lori lenye tangi la maji, hushushwa upande wa juu. Kijana aliuliza: huyo aliyepanda lori bado ni wa mwituni? Sikuwa na jibu la kamusi. Nilimwambia aliweke swali hilo kwenye orodha ya kamati.

Akiba nayo ilinikaa vibaya kadiri nilivyoitazama. Ni neno zuri, na wahenga walisema haiozi. Lakini akiba ni kitu kilichowekwa na mtu kwa ajili ya mtu: mahindi ghalani, fedha kwenye kibubu. Samoni hakuwekwa na yeyote. Anayemwita akiba ameshaamua, kabla shahidi wa kwanza hajaketi, kwamba yupo ili achotwe, na kilichobaki ni hesabu ya kiasi gani. Watu wa uvuvi wa Ziwa Viktoria husema tathmini ya wingi wa samaki, na wingi ni neno la adabu zaidi. Linahesabu bila kudai.

Hata hivyo wingi una upofu wake. Samoni hahesabiwi kama dagaa, kwa jumla. Kila mto, mara nyingine kila kijito, una samoni wake wenye tarehe zao za kurudi na uwezo wao wa kustahimili maji ya joto. Ningependekeza ukoo. Katika mto Fraser wasimamizi huwagawa sokai katika makundi manne kwa majira ya kupanda kwao, na kila kundi lina koo nyingi ndani yake. Jumla ya kundi ikiwa nzuri, ukoo mdogo unaweza kufa katikati ya shangwe. Nyavu haziulizi jina la ukoo. Wazee wa Nzoia na Kagera watakuelewa ukiwaambia habari hii, maana ningu nao walikuwa wakipanda mito hiyo wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu zikawasubiri mlangoni pa mto hadi mavuno yale yakawa hadithi. Kamati itakayoandika "wingi" itahesabu. Itakayoandika "koo" italazimika kuuliza majina. Mpango kazi wa hiyo ya pili utakuwa mrefu mara tatu, najua, na ndiyo maana wachache huuchagua.

Tumefika kwenye kitenzi, na hapa nitakaa kidogo.

Kupungua. Maji ya mtungi hupungua, homa hupungua, mwezi hupungua. Ni kitenzi kisicho na mtendaji. Jambo limetokea, basi. Kiswahili kinaruhusu kuongeza herufi chache na kubadili kesi nzima: kupunguza kuna mkono, kupunguzwa kuna mkono uliofichwa mlango wa nyuma. Ukisema samoni wamepungua, unatazama mto. Ukisema wamepunguzwa, watu ukumbini wanaanza kutazamana. Kiingereza cha hoja ile kinatumia neno la mteremko, kana kwamba samaki walikuwa kilimani wakaanza kushuka wenyewe.

Si mchezo wa sarufi tu. Mwaka 2009 sokai zaidi ya milioni 10 walitazamiwa kurudi mto Fraser. Waliofika hawakutimia milioni 2. Novemba mwaka huo serikali ya Kanada iliunda tume chini ya Jaji Bruce Cohen. Hadidu zake za rejea zilimtaka atafute sababu, na papo hapo zikamtaka asitafute kosa la mtu, jamii wala taasisi yoyote. Yaani jaji alikabidhiwa kitenzi cha kupungua na kukatazwa kupunguzwa. Alifanya kazi kubwa: Oktoba 2012 ripoti ilitoka katika vitabu vitatu, yenye mapendekezo 75, na katika sababu zote alizozipekua hakupata moja iliyotosha peke yake. Kumbe katikati ya kazi yake, mwaka 2010, sokai karibu milioni 30 walikuwa wamejitokeza mtoni, wakawaacha watabiri midomo wazi.

Nilikuwa tayari kumwandikia dada "kupunguzwa", kwa hasira kidogo, hadi nilipotazama Atlantiki. Huko mkono uliokuwa dhahiri kuliko yote ulishaondolewa. Uvuvi wa biashara wa samoni ulifungwa kisiwani Newfoundland mwaka 1992, na kufikia 2000 ulikuwa umefungwa mashariki yote ya Kanada. Wavuvi waliuza leseni zao, wakatundika nyavu. Samoni hawakurudi kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2023 shirika la IUCN lilikadiria kwamba samoni wa Atlantiki duniani walipungua kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020, miaka ambayo nyavu nyingi zilikuwa zimeshakauka. Kuna bahari inayopata joto, kuna mabwawa, kuna mito inayochemka Julai, kuna samaki wengine wanaowala wachanga njiani. Kwenye mto Miramichi ugomvi mkubwa ni juu ya besi wa mistari, ambao wameongezeka wakati samoni wakipungua. Mikono ni mingi, mingine haina hata vidole. Kitenzi cha "kupunguzwa" kingeituma kamati kumtafuta mtu mmoja wa kumshika shati.

Kiswahili kina mlango wa tatu: kupungukiwa. Mtu hupungukiwa na damu, nyumba hupungukiwa na unga. Anayetajwa si kilichoondoka wala aliyekiondoa, ni aliyebaki na pengo. Mto umepungukiwa na samoni. Dubu wamepungukiwa. Wami'kmaq wamepungukiwa, na pamoja nao Wawolastoqey, ambao mto ule wa Saint John kwao ni Wolastoq. Niliandika hivyo: uchunguzi kuhusu mito kupungukiwa na samoni wa mwituni. Sijui bunge gani duniani lingeipitisha hoja yenye kiima cha mto, lakini darasa linaweza.

Maneno ya utaratibu yalikuja kirahisi zaidi, kwa kuwa mabunge yetu yalirithi nyumba moja na lao. Kamati ya Kudumu ya Uvuvi na Bahari huko Ottawa huanza na hoja ya mjumbe, chini ya Kanuni ya Kudumu ya 108. Hoja hutaja mada, mara nyingi na idadi ya vikao. Wachambuzi wa Maktaba ya Bunge huandaa rasimu ya mpango kazi, vyama huleta orodha za mashahidi kwa karani. Hapa dada alinikatiza: karani kwao Uvira ni yule wa daftari na mhuri. Nikamwambia Nairobi yupo Karani wa Bunge, na ni mtu mzito kuliko wabunge wengi. Ripoti ikishawasilishwa, kamati inaweza kuitaka serikali ijibu, nayo ina siku 120. Nyingi huishia hapo, kwenye jibu.

Hadidu za rejea: nalipenda neno hili, ingawa ni la kiofisi na vijana hulikimbia. Nikilisema nasikia ndani yake mipaka, kama ya shamba iliyopandwa minyaa: hapa tutalima, pale ni kwa jirani. Utafiti nikaliacha kwa wanasayansi. Uchunguzi ndilo la kamati, kwa kuwa ni neno la daktari na la askari kwa pamoja, na kamati nayo huwa haijui ni ipi kati ya kofia hizo mbili imevaa mpaka maswali yaanze.

Wadau nilimkanya asilitumie ovyo. Ni neno letu pendwa. Warsha bila wadau haipati chai. Lakini mataifa ya wenyeji wa Kanada hulikataa lile la Kiingereza linalolingana nalo, wakisema wao si wadau, ni wenye haki. Wana hukumu mkononi. Mwaka 1990, katika kesi ya Ronald Sparrow wa Musqueam, aliyeshtakiwa kwa kuvua samoni kwa wavu mrefu kuliko kibali kilivyoruhusu, Mahakama ya Juu ya Kanada iliweka mpangilio: kwanza uhifadhi, kisha uvuvi wa wenyeji kwa chakula, mahitaji ya jamii na sherehe, ndipo wengine. Ukiandaa orodha ya mashahidi na kuwapanga wenye haki katikati ya chama cha wavuvi wa ndoano na kampuni za ufugaji, kwa mpangilio wa alfabeti, umeshatoa hukumu nyingine.

Kampuni hizo ndizo zilizonipa raha ya pekee ya wiki. Samoni wa kufugwa hulelewa baharini ndani ya nyavu kubwa zinazoelea, na neno la kazi hiyo kwetu lipo, wafugaji wa sato wa Mwanza hulitumia kila siku: vizimba. Sasa mwambie mwandishi wa habari za mahakama kwamba samoni yuko kizimbani. Ndivyo ilivyo hasa. Vizimba vinashitakiwa kwa maradhi, kwa samaki wanaotoroka na kuchanganya damu na wale wa mtoni, na kwa vimelea ambao sina jinsi ila kuwaita chawa wa baharini. Nilimwonya dada kwamba Dar es Salaam chawa siku hizi ni mtu, yule anayemsifia mkubwa ili apate kumnyonya kidogo. Kijana wa Nyarugusu ameshakaa Tanzania, atacheka katikati ya kikao. Upande wa British Columbia hukumu imeshatoka: serikali imetangaza kwamba vizimba vya nyavu wazi baharini mwisho wake ni tarehe 30 Juni 2029. Upande wa Atlantiki vingali vinaelea.

Yalibaki maneno ya umri. Kiingereza kina jina kwa kila hatua ya samoni, kama sisi kwa nazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Aliyetoka yaini ni kifaranga, hilo halina ubishi. Aliyerudi baada ya kukaa baharini baridi moja tu nilimwita wa baridi moja. Samoni wengi wa Pasifiki hufa wakishataga, lakini wa Atlantiki anaweza kunusurika, akakaa mtoni majira ya baridi, amekonda, kisha akateremka tena baharini. Kiswahili kinamwita mwanamke aliyetoka kujifungua mzazi. Nikampa samaki yule jina hilo.

Ila kuna hatua moja iliyo moyo wa uchunguzi wote. Baada ya miaka miwili mitatu ya kuishi mtoni akiwa na madoa, samoni mchanga hubadilika majira ya kuchipua: madoa hufunikwa, mwili hung'aa fedha, figo na mashavu hujiandaa kwa chumvi, naye aliyekuwa akishindana na mkondo huanza kuufuata. Wataalamu humhesabu anapotoka na kumhesabu anaporudi. Kati ya hesabu hizo mbili ndimo wanamopotelea. Jina lake likanijia lenyewe: mwali. Amefichwa ndani, amefundwa, siku ya kutolewa anatoka amepambwa.

Dada alipokea karibu vyote. Kizimba alikisifu, kupungukiwa alikipigia makofi, wenye haki alikipigia mstari. Mwali alimkataa. Aliandika kwamba watoto wa kiume darasani wangecheka hadi kengele, na kwamba kwao Uvira neno hilo halifiki mbali. Angesema samaki mchanga wa kwenda baharini, na kila mtu angeelewa. Alikuwa sahihi. Nimemwandika mwali kwenye daftari langu kwa penseli, na mbele yake nimeweka alama ya kuuliza.